Uzi: Perth mpaka Exmouth na karavani, kilomita 3,200, bimkubwa kutoka Mafia kiti cha mbele

KusiMafia

Wakuu salaam. Hii safari niliahidi kuileta muda mrefu nikawa nabanwa na shifti, leo nipo off nashuka nayo yote. Tumetoka Perth mpaka Exmouth na kurudi, huku Western Australia, siku 16, kilomita 3,200 na ushee, nyuma tunavuta karavani. Tulikua watano, mimi, wife, watoto wawili (11 na 7) na bimkubwa wangu, yaani mama yangu mzazi, ambae alikua amekuja kututembelea kutoka Kilindoni, Mafia. Wakina mama na binti wanalala kwenye karavani, mimi na dogo wa kiume hema pembeni.

Naandika kwa sababu moja. Wabongo na Wakenya wengi niliowakuta Perth wanakaa miaka nane, kumi, wanaijua njia ya kazini na ya uwanja wa ndege basi, likizo ikija ni nyumbani au Bali. Hata mimi nilikaa miaka sita hivo hivo. Kumbe huko juu kuna pwani ambayo mtu wa pwani ya kwetu akifika anaielewa bila kuelezwa, bahari ni ile ile ya Hindi, ipo kushoto kwako njia nzima. Na alienifungua macho ni bimkubwa, mtaona mbele.

Mpate picha kwanza. Hilo jimbo peke yake ni zaidi ya Tanzania mara mbili na nusu kwa ukubwa, watu kama milioni 3, na wengi wao wamejazana Perth. Ukishapita Geraldton, kilomita 420 kaskazini, unaanza kuhesabu sheli badala ya vijiji.

Mzee wa Mbagala

Naweka mkeka hapa. Mkuu shusha taratibu usiruke kitu, hizi nyuzi za safari ndio zinatupa uhai.

Bint Likoni

Kaka mimi pia niko Perth, mwaka wa tatu huu. Mume wangu ataka sana twende lakini mimi naogopa, nasikia ni jangwa tupu na simu haishiki. Na hiyo karavani yataka leseni ingine?

KusiMafia

Dada karibu sana. Leseni ya kawaida ya gari inatosha, cha kuogopa ni uzito. Kila karavani ina kibati kinaonyesha uzito wake ikiwa tupu na uzito wa mwisho unaoruhusiwa, tofauti ya hapo ndio mzigo wako, na inaisha haraka kuliko unavodhani maana lita moja ya maji ni kilo moja, ukijaza matangi mawili ya lita 80 tayari kilo 160 kabla hujaweka sufuria. Sisi tulipeleka kwenye mizani wiki moja kabla ya safari tukakuta tumezidi kilo 90, tukashusha jeneta na nusu ya makopo. Halafu kile kichwa kinachokaa kwenye gari kinatakiwa kibebe kama asilimia 10 ya uzito wote, ukipakia nyuma kupita kiasi karavani inaanza kucheza mkia, na ikishaanza kucheza kwenye spidi ya 100 kuirudisha ni kazi.

Simu kweli haishiki, ukitoka mjini kilomita chache imekufa mpaka mji unaofuata. Tulibeba kile kifaa kidogo cha kuita msaada kwa setilaiti, na redio ya UHF kwenye gari. Madereva wa malori wanakaa chaneli 40, watu wa karavani wengi wapo 18. Hiyo redio usiiache nyumbani.

dereva_semi

Mkuu hizo semi za huko nasikia zinavuta matela matatu, ni kweli? Mimi napiga Dar Tunduma na tela moja tu najua shughuli yake.

KusiMafia

Kweli kabisa, zinafika mita 53.5. Ikija mbele yako upepo wake unakusukuma kwanza nje halafu unakuvuta ndani, usukani unaushika kwa mikono miwili. Ikitaka kukupita ikitokea nyuma usikanyage breki na usiongeze, kaa kwenye mstari wako na spidi yako ile ile, akishatoka pembeni ndio unalegeza mguu kidogo apite mapema. Mara mbili tatu niliwaita kwenye 40 nikawaambia mbele naona peupe, jamaa anajibu asante dereva, anapita anawasha taa. Ni watu waungwana sana, wewe ndugu yangu ungeelewana nao.

Sasa upepo. Kusini kidogo ya Geraldton, sehemu inaitwa Greenough, kuna miti imelala, simaanishi imeinama, imelala, shina limejikunja likaenda sambamba na ardhi na matawi yote yanaelekea kaskazini. Nikasimama watoto wapige picha. Bimkubwa akashuka, kanga ikampeperuka ikamfunika uso, akaishika akasimama kidogo akasema "hii kusi hii". Nikamwambia mama huku sio kwetu. Akaniambia mwanangu upepo unatoka kusini, unavuma siku nzima, unataka uuite nani? Basi toka hapo mpaka mwisho wa safari ikawa kusi, hata watoto wanasema leo kusi kali.

Na kusi ina hesabu yake wakuu. Tunapanda kaskazini ilikua mgongoni, gari ikala lita 16 na nusu kwa kilomita 100. Kurudi ikawa usoni, lita 21, mzigo ule ule na spidi ile ile ya 90. Ukipiga hesabu ya mafuta kwa ulichotumia kwenda utaishiwa njiani. Mimi nilibeba dumu mbili za lita 20 na moja niliitumia.

Kalbarri siielezei sana, kuna makorongo na madaraja ya kusimama hewani mita 100 juu ya bonde, pazuri, watalii wengi. Njiani kuna lile ziwa la pinki la Hutt Lagoon, ni mwani wa kwenye chumvi unaolipatia ile rangi, tulisimama dakika kumi. Haraka yangu ilikua Shark Bay.

Mzee wa Mbagala

Bimkubwa apewe maua yake. Endelea.

KusiMafia

Kabla ya Shark Bay kuna jambo lilitupata na nataka kila mwenye tela alisome.

Wiki mbili kabla ya safari nilipeleka karavani gereji fulani ya mtaani kwetu ikafanyiwe sevisi kamili, nikalipa, nikapewa karatasi imetikiwa kila kitu, beringi zimepakwa grisi, breki zimekaguliwa. Mimi nina tabia moja niliyorithi kwa marehemu mzee wangu aliekua na lori la Bedford, kila nikisimama nazunguka gari nagusa habu za magurudumu kwa mgongo wa mkono. Tumepita Northampton, tumetembea kama saa moja na nusu, nikasimama eneo la kupumzikia. Gurudumu la kushoto vuguvugu. La kulia sikuweza kuacha mkono. Nikainama, harufu ya grisi iliyoungua, na kwenye rimu mistari meusi imeruka kama mtu kachapa brashi.

Pale palikua na wazee wawili wazungu, mume na mke, wamestaafu wanaishi kwenye karavani mwaka mzima, wapo wengi sana wa hivo huku, wanazunguka nchi nzima. Mzee akaniona nimechuchumaa akaja na ndoo yake, akaigeuza akakaa, hakuuliza jina wala natoka wapi, akasema tufungue. Kweli tukapiga jeki, tukatoa kikofia, grisi ya ndani ilikua nyeusi kama lami na kidogo mno, beringi ya nje imeshakua na rangi ya bluu. Chuma kikiwa bluu ujue kimepikwa. Aliyefunga alikaza nati mpaka mwisho na grisi akaipaka juu juu.

Mzee alikua na beringi za akiba saizi yangu, mimi sikua nazo. Akanionyesha kupakia grisi, unaweka bonge kwenye kiganja, unasukumia beringi upande wake mpana, unasukuma, unasukuma, mpaka uione inatokeza upande wa pili kati ya rola kama minyoo midogo. Ndio imejaa. Ukirudisha nati unakaza huku gurudumu linazungushwa, halafu unalegeza kidogo, pini ndio inaingia. Kazi yote ilichukua saa mbili kasoro. Bimkubwa kwa mda wote huo kawasha jiko kapika chapati na chai ya tangawizi, yule bibi wa kizungu kakaa nae kwenye kiti cha kukunja, hawana lugha moja, wanacheka.

Nilitaka kumlipa mzee akakataa, akasema nunua seti mbili ukifika mjini, moja yako na moja ya mtu utakaemkuta. Nimenunua, zipo kwenye boksi. Ile gereji niliirudia na picha, walinirudishia hela yangu, lakini ningefika kilomita 100 mbele gurudumu lingetoka na watoto wangu wapo ndani ya gari linalovuta. Nikikumbuka hapo bado nakasirika.

dereva_semi

Umesema kweli kabisa kuhusu nati. Huku vijana wengi wanakaza kama wanafunga tairi. Umeokoka ndugu, Mungu mkubwa.

Muscat_Mjukuu

Asalaam alaykum. Mie niko Muscat, nafatilia uzi huu tangu jana. Sie huku twenda sana kupiga kambi jangwani Wahiba na kule Ras al Jinz kutazama kasa wakitaga. Nataka kujua ndugu, njia za mchanga na changarawe huko mwashusha upepo wa tairi kiasi gani?

KusiMafia

Waalaykum salaam ndugu yangu. Barabara kubwa yote ni lami, mpaka Exmouth. Changarawe tuliipata tukichepuka, ina mawimbi kama bati, meno yanagongana. Lami nilikua 38 psi, nikiingia changarawe nashusha 28 gari na karavani zote na mwendo haupiti 50 au 60, mchanga mlaini 18 na karavani naiacha kambini. Pampu ya kujaza upepo ni lazima uwe nayo, najua kwa mtu wa Wahiba hapa sijakwambia jipya.

Haya Shark Bay. Unaacha barabara kuu pale Overlander Roadhouse, unaingia kushoto, kilomita 130 hivi mpaka Denham. Ipo kwenye urithi wa dunia toka 1991. Wenyeji wake Wamalgana wanapaita Gutharraguda, maji mawili, na ukiangalia ramani unaona kweli, ghuba mbili na ulimi wa ardhi katikati. Tulipita Hamelin Pool kwenye yale mawe yaliyo hai (stromatolites, yanajengwa na vijidudu), chumvi ya pale ni kama mara mbili ya bahari ya kawaida, na ndio maana konokono wanaoyala hawaishi. Kimbunga Seroja cha Aprili 2021 kilivunja lile daraja la mbao la kuyaangalia. Halafu Shell Beach, ufukwe hauna mchanga, ni makombe meupe madogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, yamejazana mita na mita kwenda chini. Zamani waliyakata vipande kama tofali, yameshikana yenyewe, wakajengea nyumba Denham, kanisa lipo mpaka leo. Bimkubwa aliuweka mkono kwenye ule ukuta akasema kama Kua. Wasiojua, Kua ni magofu ya mji wa zamani kisiwa cha Juani pale Mafia, nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe.

Kesho yake asubuhi tukaenda Eagle Bluff. Ni jabali juu ya bahari, wamejenga njia ya mbao unatembea ukingoni, chini maji ya kina kifupi, unaona hadi samaki taa wanaelea na vipapa vidogo vinazunguka. Rangi mbili, ya kijani peupe ni mchanga, ya giza ni nyasi za bahari. Zile nyasi ni maelfu ya kilomita za mraba, na mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba shamba moja lenye urefu wa kilomita 180 ni mmea mmoja tu uliojitambaza. Joto la bahari la 2011 liliua sehemu kubwa, bado hazijarudi zote.

Watoto wanahesabu papa. Bimkubwa kasimama kashika ubao, kimya, anaangalia mbali kidogo penye giza. Nikaona midomo yake inacheza. Nikamsogelea. Akasema "nguva yule". Nikaangalia sioni kitu. Akasema subiri. Tukasubiri, ikapita kama dakika tatu hivi, likatokeza kitu cha rangi ya udongo, mgongo laini hauna pezi, pua ikafika juu ya maji ikafunguka matundu mawili, pfff, kimvuke kidogo, ikafunga, akazama na mkia wake uliogawanyika. Nyuma yake kadogo kakafanya hivo hivo.

Bimkubwa alikaa chini pale pale kwenye mbao. Mimi nilidhani kizunguzungu. Akaniambia mara ya mwisho kumwona nguva alikua binti wa miaka tisa au kumi, amenasa kwenye wavu wa jarife usiku, wavuvi wamemleta ufukweni asubuhi ameshakufa, watu wanagawana nyama, na bibi yake akamkataza kula kwa sababu alikua na maziwa kama mwanamke. Toka siku hiyo hakuona mwingine. Mafia na Rufiji ndio ilikua kwao kwa Tanzania, sasa hivi mvuvi anaweza kuzeeka hajamwona hata mmoja, na huku Shark Bay wanakadiriwa kufika 10,000. Akasema, "Nilikua namjua maiti tu. Leo nimemwona anapumua."

Tulikaa pale mpaka saa sita mchana. Tuliona tisa.

Mzee wa Mbagala

Nimesoma hapo mara mbili. Mzee wangu alikua mvuvi Kilwa, nae alikua anasema nguva akinaswa analia machozi. Asante mkuu.

Bint Likoni

Kaka umeniliza. Hata Lamu wazee wetu wawazungumzia hao, sisi twawajua kwa hadithi. Mume wangu nimemsomea hapo kwa sauti.

KusiMafia

Asanteni. Namalizia.

Carnarvon ni kilomita 200 kutoka Overlander, porini kabisa halafu ghafla migomba. Mto Gascoyne ndio mrefu kuliko yote Western Australia lakini mwaka mwingi ukipita darajani unaona mchanga tu, maji yapo chini yake, wanayavuta kumwagilia. Nje ya mashamba kuna vibanda havina muuzaji, ndizi na nyanya zimepangwa, bei imeandikwa, na kopo la kutia hela. Bimkubwa alihesabu sarafu mara mbili kabla ya kutia asije akapunja.

Kutoka hapo mpaka Exmouth kama kilomita 365, unavuka mstari wa Tropiki ya Kaprikoni, vichuguu vyekundu vinaanza, vikubwa kupita gari. Jioni msitembee kabisa, kangaruu, emu, ng'ombe na mbuzi wanaingia barabarani, saa kumi na nusu mimi nakua nimeshapaki.

Hifadhi ya Cape Range ndio tulikaa zaidi, usiku tano kambi ya Osprey Bay. Hakuna maji ya kunywa hata tone, hakuna umeme, moto wa kuni hauruhusiwi, unaleta kila kitu na unaondoka na taka zako. Tulitumia lita 30 kwa siku watu watano, tunaoga kwa kikombe. Lakini mwamba wa Ningaloo upo hatua chache tu, unavaa miwani unaingia kwa miguu, matumbawe, kasa, samaki wa kila rangi. Kuna sehemu zimepauka, joto la mapema 2025 liliumiza sana mwamba, binti yangu aliuliza kwanini hapa peupe, nikamweleza. Turquoise Bay muwe makini, mkondo unakubeba kando ya ufukwe halafu unatoka nje penye mlango wa mwamba, ingia upande wa kusini na utoke kabla ya ncha ya mchanga. Watu wameshakufa pale. Watoto niliwavalisha maboya na nikawa nao mkononi.

Kitu tulichokosa ni papa potwe (whale shark). Kwa Ningaloo msimu wao ni Machi mpaka kama Julai. Bimkubwa hakusikitika, akasema Oktoba wanaingia Kilindoni, nitawakuta nyumbani.

Bint Likoni

Tumekaa jana tumeamua, Aprili likizo ya shule twaenda inshallah. Hizo kambi za Cape Range zapatikanaje?

KusiMafia

Mtandaoni kwenye tovuti ya hifadhi za jimbo, wanafungua siku 180 kabla, kwaiyo kwa Aprili unatakiwa uwe kwenye kompyuta Oktoba hii, zinaisha siku hiyo hiyo. Karavani mnaweza kukodi Perth, lakini mwambie shemeji aipeleke mizani, na akiwa ameipata tu afungue vikofia vya habu aangalie grisi kwa macho yake. Ukikosa beringi za akiba niandikie PM, nina seti.

Bimkubwa ameondoka wiki ya pili ya Oktoba. Jana katuma voice note, nyuma inasikika mashine ya boti, anasema potwe wawili wameingia mbele ya gati, amepanda na wajukuu wa dada kwenda kuwaona. Mwishoni anauliza huko Exmouth wanafungua lini.